Chumba cha vioo nyuma ya nyumba: anza na paa, mtindo utafuata

SWALI: Ninaishi Reading, kusini mwa Uingereza, katika nyumba ya miaka ya 1930 iliyoshikana ukuta mmoja na ya jirani. Nataka kuongeza chumba cha vioo, ambacho wenyeji hukiita konsevatori, nyuma ya nyumba, upande unaoelekea kusini-magharibi. Nia yangu ni tukae humo mwaka mzima, watoto wafanyie humo kazi zao za shule, na mama yangu, ambaye huja kutoka Tanga kila kiangazi, apate mahali pa kupumzika. Kampuni moja imenichorea chumba cha mtindo wa Victoria chenye kina cha mita 3.5 na upana wa mita 4, fremu nyeupe za plastiki na paa la polikaboneti, na inashauri tuuondoe mlango wa chumba cha kulia ili nafasi iwe moja. Je, mtindo huu na vifaa hivi vinafaa?

JIBU: Dada yangu, mchoro uliouambatisha unapendeza, wala sishangai kwamba umekuvutia, lakini kwa matumizi uliyoyataja mimi nisingeutilia saini. Umeanzia na mtindo kwa sababu muuzaji ameanzia hapo, na muuzaji huanzia hapo kwa sababu picha ndiyo inayouza. Chumba cha vioo kinachokaliwa na kinachogeuka kuwa stoo ya baiskeli hutofautishwa kwanza na paa, kisha na mlango unaokitenga na nyumba. Umbo la mbele na rangi ya fremu huja baada ya hayo mawili.

Nianze na jua, maana nyumba yako inalitazama upande mgumu kuliko yote. Watu wengi waliotoka pwani huamini kwamba jua la Uingereza ni dhaifu na liko chini siku zote. Hilo ni kweli kwa Desemba, ambapo Reading jua la adhuhuri hupanda nyuzi 15 tu kutoka upeo wa macho. Lakini tarehe 21 Juni jua la adhuhuri la Reading husimama kwenye nyuzi 62 hivi, na siku hiyo hiyo Tanga, kwa kuwa jua limehamia kaskazini mwa ikweta, husimama karibu nyuzi 61 na nusu. Kwa maneno mengine, mama yako akifika Juni atakuta jua la adhuhuri la kimo kile kile alichokiacha, isipokuwa la kwako litawaka kwa zaidi ya saa 16 na nusu na kuzama baada ya saa tatu usiku. Chumba kinachoelekea kusini-magharibi hupigwa jua kuanzia adhuhuri hadi jioni, yaani wakati ule ule ambao hewa ya nje imekwisha kupata moto. Mnamo Julai 2022 kipimo cha Coningsby, katika Lincolnshire, kilifika nyuzijoto 40.3, na mtu aliyekuwa amekaa chini ya paa la plastiki siku hiyo hahitaji mahesabu yangu.

Jua la namna hiyo huingia zaidi kwa juu kuliko kwa ubavuni, na joto la chumba chako wakati wa baridi litatorokea huko huko juu. Ndiyo maana nasema paa kwanza.

Polikaboneti uliyopendekezewa ni mabamba ya plastiki yenye vijumba vya hewa ndani, na sifa yake kubwa ni kwamba ni nafuu na nyepesi, kiasi kwamba fremu haielemewi. Lakini mvua ikilipiga utaisikia kama iliyo juu ya bati, na wewe uliyekulia chini ya bati unajua kwamba mtoto hawezi kusomewa hesabu wakati huo. Baada ya miaka kadhaa mabamba hufifia na kuwa ya manjano, na utepe unaoziba ncha zake ukiachia, unyevu na wadudu huingia katika vijumba na kuacha michirizi ya kijani isiyofutika. Kwa banda la kuoteshea miche ningelikubali bila kusita. Kwa chumba cha kukaa mwaka mzima, hapana.

Paa la kioo ni jambo jingine, lakini usikubali neno "kioo" peke yake kwenye karatasi ya bei. Unachokitaka ni kioo cha tabaka mbili, katikati kukiwa na gesi ya argoni, chenye utando usioonekana wa kurudisha joto ndani, na juu ya hayo, utando wa kupunguza joto la jua. Kioo cha kawaida cha tabaka mbili hupitisha sehemu kubwa ya nishati ya jua inayokipiga, ilhali kile cha kupunguza joto hupitisha chini ya nusu, na vingine takriban theluthi moja, huku mwanga ukipungua kidogo na rangi ikielekea samawati au kijivu. Omba kipande cha mfano na ukitazame nje mchana, maana kuna watu huchukizwa na samawati hiyo kila waangaliapo mawingu. Vipo pia vioo vyenye utando unaosaidia kujisafisha, kama Pilkington Activ, ambavyo hufanya kazi kwa mwanga wa jua na mvua. Kwenye paa lisilofikika kwa ngazi nadhani vinastahili gharama ya ziada. Kwenye madirisha ya pembeni havina haja.

Njia ya tatu ni paa zima la vigae vyepesi lenye vihami joto ndani na madirisha mawili ya paani. Wahandisi hupima upotevu wa joto kwa namba inayoitwa U, na kadiri namba ilivyo ndogo ndivyo joto linavyobaki ndani. Kioo kimoja kina U ya karibu 5.7 na kioo kizuri cha tabaka mbili takriban 1.2, wakati kanuni za England zilizoanza kutumika Juni 2022 zinataka paa jipya la upanuzi wa nyumba lisizidi 0.15. Pengo hilo ni kubwa, na ndilo linalowafanya wengi siku hizi kufunga paa zima. Hata hivyo kuna mambo mawili ya kupima. Kwanza, chumba chako cha kulia kitakuwa nyuma ya kivuli, nacho katika nyumba za miaka ya 1930 hutegemea dirisha hilo moja kwa mwanga, kwa hiyo utapata sebule mpya na kupoteza ile ya zamani. Pili, paa likishakuwa zima, jengo huacha kuhesabiwa kuwa chumba cha vioo na huhesabiwa kuwa upanuzi wa kawaida, ambao mkaguzi wa ujenzi lazima aukague tangu msingi. Huo si ubaya, na kwa kweli ukaguzi huwalinda wenye nyumba, ila uingie katika hesabu zako mapema.

Hapo ndipo unapoingia mlango ambao kampuni inataka kuuondoa. Katika England chumba cha vioo husamehewa kanuni nyingi za ujenzi iwapo kiko chini kwenye usawa wa ardhi, hakizidi mita za mraba 30, kimetengwa na nyumba kwa ukuta, mlango au dirisha lenye ubora wa nje, na kifaa chake cha kupashia joto kinawashwa na kudhibitiwa peke yake. Hata kikisamehewa, vioo vyake na umeme wake lazima vifuate kanuni. Mlango ukiuondoa, msamaha unaondoka nao, na muuzaji aliyesema tu kwamba "pawe pamoja" bila kukueleza hilo amekuficha jambo. Tena hata sheria isingekuwepo ningekushauri ubaki nao, kwa sababu usiku wa Januari joto ulilolilipia litatoka chumba cha kulia na kwenda kupasha nyasi za bustani. Weka milango miwili ya kioo cha tabaka mbili inayofunguka wazi, ili kiangazi nafasi iwe moja na majira ya baridi ufunge.

Sasa mtindo. Majina unayosomewa ni ya kihistoria zaidi kuliko ya kiufundi, na historia yenyewe inafaa kujulikana kidogo, kwa sababu inaeleza kwa nini mitindo hii huwatesa watu. Ile inayoitwa oranjeri, yenye nguzo nene za matofali na madirisha marefu, ilitokana na majengo ya matajiri ya kuhifadhia michungwa wakati wa baridi, kama lile la Kensington Palace lililojengwa mnamo 1704. Mtindo wa Victoria ulienea baada ya kodi ya vioo kufutwa mwaka 1845, na kilele chake kinaonekana katika nyumba ya michikichi ya Kew, iliyojengwa kati ya 1844 na 1848 kwa chuma na vioo. Majengo hayo yote yalikusudiwa mimea, na yale ya vioo vitupu yaliendeshwa kwa boila za makaa. Mchikichi hautoki jasho wala haulalamiki. Sisi tumechukua umbo la nyumba ya mimea tukaliwekea sofa, ndipo lawama zikaanza.

Mtindo wa Victoria una uso wa mbele uliokatwa pande tatu au tano, kama nusu ya duara, na paa lenye mteremko mkali na urembo juu ya kofia. Ukikata kila pembe kwa mita moja kwa mita moja unapoteza nusu mita ya mraba kila upande, jambo ambalo kwa hesabu ni dogo. Kero yake huonekana siku ya kuingiza samani, maana meza ya watoto haikai kwenye pembe butu, kabati halikai, na kiti cha mama kinaishia katikati ya njia. Mtindo wa Edward, uliopewa jina la enzi iliyofuata, una umbo la mstatili na uso ulionyooka, na kila sentimita ya sakafu hutumika. Upo pia ule ambao mafundi wa Tanzania wangesema una paa la mgongo wa tembo, ambapo uso wa mbele hupanda pembetatu hadi juu. Ni mzuri sana kwa nyumba ndefu, lakini katika upande wako pembetatu hiyo ya kioo itakuwa dirisha jingine la kuingizia jua la magharibi. Mtindo sahili kuliko yote, wa paa la upande mmoja lililoegemea nyumba, ndio nafuu, lakini pima kwanza urefu hadi kizingiti cha dirisha la juu, kwa maana mteremko wa nyuzi 15 kwa kina cha mita 3 huinua paa kwa sentimita 80 hivi, na katika nyumba nyingi nafasi hiyo haipo.

Kwako nachagua wa Edward, bila kusitasita. Nao nausogeza kidogo kuelekea oranjeri: upande wa jirani jenga ukuta mzima wa matofali, kwa ajili ya faragha na kwa sababu vioo vilivyokaribiana na mpaka havina faida kwako wala kwake, na upande wa kusini-magharibi jenga ukuta mfupi wa sentimita 60 kisha vioo juu yake. Ukuta huo mfupi hukupa pa kuweka soketi na hita, na samani hupata mgongo. Nimesikia wakisema kwamba kioo cha kuanzia sakafuni huleta bustani ndani. Ni kweli, nacho huleta pia macho ya paka wa jirani na alama za vidole vya watoto. Ukikitaka lazima kiwe kioo cha usalama, kwa kuwa kanuni zinadai hivyo kwa kioo chochote kilicho chini ya milimita 800 kutoka sakafuni, na katika milango na pembeni mwake hadi milimita 1,500.

Kuhusu kina cha mita 3.5, kwa nyumba iliyoshikana na nyingine England huruhusu upanuzi wa ghorofa moja nyuma hadi mita 3 bila kuomba kibali cha mipango, mradi kimo kisizidi mita 4, na upenu usizidi mita 3 pale jengo linapokuwa ndani ya mita 2 kutoka mpaka. Ukizidisha mita 3 hadi 6 halmashauri lazima ijulishwe na jirani waulizwe, utaratibu ambao unaweza kuchukua siku 42. Nusu mita uliyochorewa inakugharimu hatua hiyo yote. Chumba cha mstatili cha mita 3 kwa 4 kina mita za mraba 12, na kile cha Victoria cha mita 3.5, pembe zikiisha kukatwa, kina 13 hivi, na sioni ni samani gani itakayoingia katika hiyo moja ya ziada. Baki na mita 3, kisha uombe halmashauri cheti cha kuthibitisha kwamba ujenzi ni halali, kwa sababu siku ya kuuza nyumba mwanasheria wa mnunuzi atakiuliza. Uhakikishe pia kwamba mtaa wako haukuondolewa ruhusa hiyo ya kujenga bila kibali.

Fremu za plastiki, zile ziitwazo uPVC, sizikatai. Hazihitaji rangi, zinahifadhi joto vizuri, na kwa bajeti ya familia ni chaguo la busara. Uliza tu kama ndani yake mna chuma cha kuzitia nguvu, hasa pale paa la kioo litakapokaa, na ujue kwamba plastiki hutanuka sana: kipande cha mita 3 kinachopata moto wa nyuzijoto 40 zaidi hurefuka kwa milimita 8 hivi, na cha alumini chini ya milimita 3. Ndiyo sababu fremu nyeupe hudumu kwa utulivu kuliko nyeusi ambazo zimekuwa za mtindo miaka hii, kwani nyeusi hunywa jua. Ukitaka rangi nyeusi na mistari myembamba, nenda kwenye alumini. Sharti lake ni kwamba kati ya ngozi ya nje na ya ndani kuwe na ukanda wa plastiki ngumu unaokata njia ya joto, la sivyo alumini itakuwa kama kijiko ndani ya chai, na asubuhi za baridi itatoa jasho hadi dirishani kuote ukungu.

Mbao ndizo nzuri kuliko zote, na hapa nakiri upendeleo wangu. Huenda hujui kwamba mbao inayouzwa Uingereza kwa jina la iroko ni mvule wetu, ule ule wa milango ya kwetu, na kwamba unaheshimika huku kwa kustahimili mvua. Mwaloni nao ni imara, ila una tindikali inayotia madoa kwenye mawe na kula skrubu za kawaida, kwa hiyo skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Lakini mbao hudai rangi au mafuta kila baada ya miaka michache, na familia yenye watoto wadogo na kazi za zamu haina wikendi hizo. Kama hutakuwa na mtu wa kuzipaka, usizinunue.

Chini ya hayo yote kuna msingi, ambao hauonekani kwenye mchoro wako. Udongo wa mfinyanzi, ambao ni mwingi kusini mwa England, hunywea kiangazi na kuvimba majira ya mvua, na chumba chepesi juu ya msingi mfupi hujiondoa kidogo kidogo kutoka kwa nyumba nzito. Dai msingi wa kina kinachofuata udongo wa hapo, ambacho kwenye mfinyanzi mara nyingi ni mita moja au zaidi, na zaidi tena palipo na mti karibu, pamoja na kiungo kinachoruhusu mwendo mdogo pale kuta mbili zinapokutana. Uchimbaji ukiwa ndani ya mita 3 kutoka nyumba ya jirani na ukashuka chini ya msingi wake, sheria ya kuta za pamoja ya 1996 inataka apewe notisi ya maandishi mwezi mmoja kabla. Na bomba la majitaka la umma likipita ndani ya mita 3, idhini ya kampuni ya maji inahitajika. Tangu Oktoba 2011 mabomba mengi yanayotumiwa na nyumba zaidi ya moja yalihamishiwa kwa kampuni hizo, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba "hilo ni lenu tu".

Kuna jambo moja ambalo sijaliona likitajwa katika mchoro wowote wa muuzaji. Nyumba za miaka ya 1930 aghalabu zina sakafu za mbao zilizoinuliwa juu ya boriti, na hewa huingia chini yake kupitia matofali yenye matundu yaliyo karibu na ardhi katika ukuta wa nyuma. Ukimwaga zege la chumba kipya mbele yake, umeyaziba. Niliwahi kuitwa kukagua nyumba ambayo chumba cha vioo kilikuwa na miaka tisa, safi kabisa, na sakafu ya chumba cha kulia ilikuwa ikidundadunda kama kitanda, na tulipofunua mbao boriti zilikuwa zimeoza kiasi cha kuchomwa kwa bisibisi. Dawa yake ni mabomba madogo yanayopita chini ya zege na kuipeleka hewa hadi kwenye matundu hayo, jambo jepesi mno kabla ya kumwaga na balaa baada yake. Sakafu mpya yenyewe iwekewe kihami joto cha kutosha, na isipande juu ya tabaka la kuzuia unyevu lililo katika ukuta wa nyumba.

Usisahau kutoa joto nje. Madirisha ya pembeni hayatoshi, kwa kuwa hewa ya moto hupanda, kwa hiyo agiza angalau dirisha moja la paani linalofunguka, ikiwezekana lenye mota inayojifunga yenyewe mvua ikinyesha. Mapazia ya paani ununue baadaye, ukishakaa kiangazi kimoja.

Kwa hiyo mwandikie muuzaji kwamba unataka bei mpya: umbo la mstatili la mita 3 kwa 4, ukuta mzima upande wa jirani, fremu nyeupe za uPVC zenye chuma ndani, paa la kioo cha kupunguza joto la jua na dirisha la kufunguka, namba ya U ya paa zima wala si ya kioo peke yake, kina cha msingi kwa milimita, na mabomba ya hewa chini ya zege. Akikujibu kwamba mambo hayo "yataonekana wakati wa kazi", tafuta mwingine.

Na leo, kabla ya barua hiyo, toka nje uutazame ukuta wa nyuma. Bomba la moshi la boila ya gesi likitokea mahali patakapofungwa na chumba, lazima lihamishwe na fundi wa gesi aliyesajiliwa Gas Safe kabla koleo la kwanza halijashuka, maana moshi huo ukifungiwa ndani huua bila harufu.